Fahali Si Kadhi

Kuna neno lililozoeleka sana midomoni mwa wanaume, nalo halina kabila wala dini. Utalisikia Kitale, katika nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Utalisikia Bungoma, ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe. Na huku kwetu Pwani utalisikia vile vile, ila ng'ombe hugeuzwa akawa beberu. Neno lenyewe ni hili: fahali mmoja hutosha zizi zima. Mwanamume akiulizwa kwa nini ana mtoto huku na mtoto kule, na kote hapeleki hata kibaba cha unga, hujibu kwa neno hilo, akacheka, na waliokaa naye barazani wakacheka pamoja naye. Kesi imekwisha. Shahidi wake ni mnyama, na mnyama haulizwi maswali.

Mimi naona shahidi huyu aulizwe. Ikiwa tumekubali kumleta fahali barazani kutoa ushahidi juu ya mambo ya mke na mume, basi haki yake ni kusikilizwa mpaka mwisho, si kukatizwa pale tu panapompendeza aliyemleta. Na nchi ya kumsikilizia ni hiyo hiyo ya Kitale na Bungoma, maana huko kuna mafahali wa zizini na kuna wanyama wa mwituni, wote kwa mwendo wa saa chache.

Tuanze na fahali mwenyewe. Ni kweli kwamba dume mmoja wa ng'ombe aweza kupanda majike wengi. Lakini ewe msomaji, umepata kuuliza kwa nini zizini mna dume mmoja tu? Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, wakatutajia ugomvi wao. Hawakutaja kisu, kwa kuwa kila mfugaji alikijua. Madume wengi waliozaliwa pamoja na huyo fahali walihasiwa wangali wadogo, wakawa maksai, na hao ndio wanaovuta plau katika mashamba ya Bungoma kabla ya mvua za masika. Wengine walikwenda kwa mchinjaji. Huyo mmoja aliyebaki hakushinda vita. Alichaguliwa na mwenye zizi kwa kuwa mama yake alikuwa na maziwa mengi au kwa kuwa mgongo wake ulinyooka. Basi anayejifananisha na fahali na akumbuke hesabu ya zizi: kwa kila fahali mmoja kuna maksai wangapi? Na nani amemhakikishia kwamba yeye angekuwa yule mmoja?

Tena fahali hana amri juu ya majike kama inavyodhaniwa. Ng'ombe jike hushikwa na joto mara moja katika kila siku 21 hivi, na joto hilo halimalizi hata siku nzima. Nje ya saa hizo dume akimkaribia hupigwa teke au huachwa amesimama peke yake. Mwenye saa ni jike. Akishika mimba huibeba kwa siku zipatazo 280, yaani miezi tisa na kidogo, na katika siku zote hizo fahali hamletei hata unyasi mmoja.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Fahali haleti majani kwa sababu yuko mwingine anayeyaleta. Zizi si la fahali. Zizi ni la mfugaji, na mfugaji ndiye akataye majani, ndiye achotaye maji, ndiye alipaye dawa ya kupe, ndiye aamkaye usiku ndama akikwama. Uzao wa fahali husalimika kwa jasho la mtu mwingine. Mwanamume anayesema yeye ni fahali, maana yake anasema kwamba mahali fulani yuko mfugaji atakayemlishia wanawe. Mfugaji huyo ni nani? Kwa kawaida ni mwanamke auzaye mboga sokoni tangu alfajiri, au ni bibi mzaa mama aliyedhani amemaliza kulea, kumbe ndiyo anaanza upya.

Wafugaji wa Trans Nzoia wamekwenda mbele zaidi. Wengi wao siku hizi hawafugi fahali kabisa. Tangu mwaka 1946 kipo kituo cha serikali huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako mafahali bora hutunzwa na mbegu zao kukusanywa. Mbegu ya mara moja tu hugawanywa ikawa dozi mamia, ikatiwa katika vijirija vidogo, ikahifadhiwa ndani ya nitrojeni ya majimaji yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Ng'ombe wa Kitale akishikwa na joto, mwenyewe humwita mtaalamu, naye huja na mtungi wake akafanya kazi kwa mrija, akalipwa, akaondoka. Fahali na jike hawaonani maisha yao yote. Yumkini fahali amekwisha kufa miaka mingi, na bado anazaa. Kwa hiyo bwana anayejisifu kuwa fahali ajue kwamba kwa hali ya leo amejisifu kuwa kijirija katika mtungi wa baridi. Sioni sifa iliyomo.

Pengine atasema: hao ni wanyama wa kufugwa, waliokwisha kuharibiwa na mkono wa mwanadamu; nipeni mnyama wa mwitu, aliye huru, tuone maumbile yenyewe. Ombi hilo ni la haki, na Kitale haiko mbali na jibu.

Ukiishika barabara ya kutoka Kitale kwenda Kapenguria utafikia Saiwa, mbuga ndogo kuliko mbuga zote za taifa za Kenya, isiyotimia hata kilomita tatu za mraba. Ilitengwa mwaka 1974, na ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja hasa: nzohe, yule paa wa kinamasini ambaye vitabu vya Wazungu humwita sitatunga. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka ili asizame katika tope, naye akiogopa huingia majini akaacha pua tu juu. Nzohe dume ana pembe na mwili mkubwa. Jike hana pembe. Kwa desturi yao dume huwa peke yake, akamtafuta jike aliye tayari, kisha akaenda zake. Jike hubeba mimba kama miezi minane, akazaa mtoto mmoja, akamficha juu ya matete aliyoyakanyaga mwenyewe yakawa kama kitanda juu ya maji, akawa anamwendea kumnyonyesha.

Bwana wetu atafurahi: Je, sikusema? Lakini asifurahi upesi. Kinamasi hicho hicho, juu ya miti yake, kina mnyama wa pili. Ni kima mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya machungwa juu ya macho, ambaye kwa sababu ya ndevu hizo wako watu humwita kalasinga. Wataalamu wamempa jina la Pierre Savorgnan de Brazza, yule mpelelezi wa Kifaransa ambaye mji wa Brazzaville pia umeitwa kwa jina lake. Ni kima mnyamavu, akishtuka hukaa kimya kama gogo mpaka hatari ipite.

Watafiti waliomchunguza kima huyu katika misitu ya Gabon waliandika mwaka 1978 kwamba huko huishi dume mmoja na jike mmoja pamoja na watoto wao. Wengine waliomchunguza hapa Kenya wakaandika mwaka 1993 kwamba kwetu huishi katika makundi madogo yenye dume mmoja na majike kadhaa. Tafadhali lizingatie jambo hili. Kima ni yule yule, ndevu ni zile zile, jina ni moja. Gabon ana mke mmoja, Kenya ana wake kadhaa. Sasa atakayesema kwamba maumbile yameamua, atwambie: yameamua lipi? Shahidi mmoja ametoa maneno mawili. Katika baraza lolote la wazee, shahidi wa namna hiyo huambiwa asante, akakae kando.

Ukipanda kutoka hapo kuelekea Mlima Elgon, ambao Bungoma na Trans Nzoia zinaugawana, utafika penye mapango ambayo ndovu huingia gizani kuchokora mawe kwa ajili ya chumvi. Kwa ndovu, mkuu wa jamaa ni jike mzee. Vijana wa kiume wakishabalehe hutoka katika jamaa ya mama zao. Mwaka 1981 Joyce Poole na Cynthia Moss, waliokuwa wakiwachunguza ndovu wa Amboseli, walieleza kwamba ndovu dume wa Afrika hushikwa na hali maalumu ya harara, uso ukatoka majimaji penye mashavu, na kwamba hali hiyo ni ya madume waliokomaa. Majike huwapendelea hao, na huwakimbia vijana. Kisha jike hubeba mimba miezi 22. Msomaji, mtu aliyekwenda kwa ndovu kutafuta ruhusa ya kijana wa miaka ishirini kutapanya mbegu yake atarudi mikono mitupu.

Kwa nini basi wanyama hawa hawafanani? Sababu yake si adabu wala utovu wa adabu. Mnyama anyonyeshaye, kwa jinsi alivyoumbwa, mzigo wa mtoto humwelemea jike: tumbo ni lake na maziwa ni yake. Dume humfuata jike, na jike hufuata chakula na usalama. Majike wakikaa pamoja, dume mmoja aweza kuwalinda wengi. Wakitawanyika, kila mmoja na eneo lake, dume hawezi kuwalinda wawili, akabaki na mmoja. Mwaka 2013 Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa hesabu ya aina zaidi ya 2,500 za wanyama wanyonyeshao. Wakaona kwamba wale wanaoishi dume mmoja na jike mmoja ni kama 9 tu katika kila 100, na kwamba mara nyingi chanzo cha jambo hilo ni kule kutawanyika kwa majike. Kulea kwa baba kulikuja baadaye, tena si kwa wote.

Hapa nawageukia wale wa upande wa pili, nao wapo, wanaotaka kutuhubiria ndoa ya mke mmoja kwa mifano ya wanyama. Hao nao hawatapona. Huku kwetu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gedi, yuko mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, aitwaye njule. Galen Rathbun alimchunguza miaka ya 1970, na mwaka 1979 akachapisha alichokiona. Njule dume na njule jike huchukua eneo moja wakadumu pamoja maisha yao. Hakuna wa tatu. Ukisikia hivyo utasema hiyo ndiyo ndoa. Lakini wawili hao hawatembei pamoja isipokuwa kwa nadra. Kila mmoja hufukuza mgeni wa jinsi yake. Na mtoto akizaliwa, baba hana kazi naye. Ni mke mmoja, mume mmoja, na mlezi mmoja. Nyumba za namna hiyo tunazijua hata bila kwenda msituni: cheti cha ndoa kimetundikwa ukutani, na baba hajui mwanawe yuko darasa la ngapi.

Na kama lazima tutafute baba miongoni mwa wanyama, tutampata pale tusipotarajia. Patricia Moehlman aliwachunguza bweha wa mgongo mweusi katika Serengeti, akachapisha habari zao mwaka 1979. Bweha huyu, ambaye hadithi zetu zimempa kila aina ya hila, hukaa na mke mmoja, huwinda pamoja naye, na akirudi pangoni huwatapikia chakula watoto na mama yao anayenyonyesha. Baadhi ya watoto wa mwaka uliopita hubaki nyumbani wakasaidia kulisha wadogo zao, na penye wasaidizi wengi watoto wengi zaidi husalimika. Mwanamume aliyejiita fahali kwa kujisifu hangekubali kuitwa bweha. Lakini katika wawili hao, ni nani aliyelea?

Hata hivyo sisemi tuwe bweha. Ningesema hivyo ningekuwa nimerudi kule kule nilikokataza. Ninalosema ni kwamba mnyama si kadhi. Hakuwekwa kutuhukumia. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kuwatazama viumbe kama dalili, tukastaajabu na kuzingatia. Hatukufundishwa kuwafuata katika talaka na nafaka. Na hapa pana jambo ambalo hunishangaza kila nikilikumbuka. Katika Msahafu ziko sura zilizoitwa kwa majina ya wanyama: ya nyuki, ya chungu, ya buibui, ya ndovu. Na sura ndefu kuliko zote imeitwa kwa jina la ng'ombe. Ndani ya sura hiyo hiyo ya Ng'ombe ndimo zilimo hukumu za talaka, na ndimo ulimo muda wa kunyonyesha wa miaka miwili kamili kwa atakaye kuukamilisha, na ndimo alimobebeshwa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama wawili hao wameachana. Jina ni la ng'ombe; amri ni ya mtu. Anayetaka kumtaja fahali barazani na aanze kwa kuisoma sura iliyoitwa kwa jina la jamaa zake.

Wala mtu asiseme ninapigana na ndoa ya wake wengi. Dini yangu imeiruhusu kwa sharti la uadilifu, mila za watu wengi zinaijua, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua katika ndoa za Kiislamu na za kimila. Mzee wa Bungoma mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na shamba lake na karo ya wanawe imelipwa, hakuiga fahali. Huyo amebeba mizigo miwili. Ninayemsema ni yule asiyebeba hata mmoja, akampandisha ng'ombe kizimbani amsemee.

Wasomaji wangu wengi wa Kitale na Bungoma ni Wakristo, na hukumu za sura niliyoitaja haziwafungi. Basi wana hukumu nyingine inayotufunga sote. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na imesema kwamba jukumu la baba na la mama ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelifuata neno hilo. Fahali hakutajwa mahali popote. Ila sheria iliyoandikwa ni kitu kimoja, na baraza linalocheka ni kitu kingine. Mama aweza kushinda kesi ya matunzo, akapewa karatasi yenye muhuri, na bado baba akapata watu wa kucheka naye jioni. Nakusudia kicheko hicho, maana ndicho mahakama ya kwanza, na ndicho kinachomwachilia huru kila siku.

Wazee wetu hawakuwa na darubini wala hesabu za Cambridge, lakini walilijua jambo hili wakalifupisha: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika maneno hayo wametenga mnyama na mtu. Kuzaa tunashirikiana na nzohe wa Saiwa na kijirija cha Kabete. Kulea ndiko kunakohitaji mtu aliyekusudia, aliyeamka asubuhi akakumbuka kwamba mahali fulani yuko mtoto mwenye jina lake.

Basi siku nyingine neno la fahali likitajwa barazani, msicheke kwanza. Muulizeni msemaji swali moja tu, kwa upole: majani ya ndama wako anayakata nani? Kisha mngojeni ajibu. Nami kwa upande wangu nampa beti moja, akipenda aihifadhi:

Fahali, zizi si lake, ni mali ya mfugaji,
Majani si kazi yake, huyaleta mkataji,
Nawe una wana, mke, wote kwako wahitaji,
Fahali si wa kuigwa, mwana ataka malezi.